Matone Mawili kwenye Kioo Kimoja

Wiki iliyopita tulimzika Fidelisi huko Kaisho. Nilikwenda kwa pikipiki, nikakaa na akina mama waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, na mmoja ambaye hanijui akaniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia nilikuwa fundi wake, nilimshonea mashati. Ni kweli, nilimshonea. Akanipa pole, akanisogezea kisu, tukaendelea kumenya. Kwa umri wangu nimejifunza kwamba jibu fupi linakuepusha na maneno mengi. Lakini wakati wa kurudi Nkwenda nililia mgongoni kwa yule kijana wa pikipiki mpaka akasimama kuniuliza kama nimeungua na bomba la moshi. Nikamwambia ndiyo, nimeungua kidogo. Tangu siku hiyo cherehani imenishinda. Nakaa, nakanyaga, halafu mguu unasimama wenyewe, na najikuta niko mwaka ule wa miaka ya tisini, wakimbizi wameshaondoka makambini na barabara zetu zimebaki na mashimo ya malori yao.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini, na nilikaa kwa dada yangu Adelina, hapa hapa Nkwenda, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maduka. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa nilivyofuma mimi, picha ya Moyo Mtakatifu, na godoro lililosimamishwa ukutani mchana kutwa, usiku tukalilaza chini nikalala na wasichana wawili wa dada. Chumba cha ndani walilala dada, shemeji Petro na mtoto wao wa mwisho, Deusi, ambaye alikuwa hajaanza shule. Masikio ya Deusi yalitoa usaha muda wote. Kifua kikipona linaanza jipu, jipu likipasuka inaingia homa. Kabla yake dada alikuwa amezika wavulana wawili, wote kwa mtindo huo huo, ilhali wasichana wake hata mafua hawayajui. Na miaka ile unaijua. Huku kwetu mtu alikohoa mara mbili tu, watu wakawa wameshatoa hukumu. Dada na shemeji walikwenda kupimwa, wakaambiwa hawana virusi na mtoto hana, lakini nani aliamini? Jirani alikuja kuomba moto, dada akimkaribisha chai, anasema ameshiba tangu asubuhi. Vikombe vya wageni vilikaa kabatini vikipata vumbi, na kila Jumamosi dada alivitoa, akavisugua kwa majivu, akavirudisha. Mimi lile la vikombe lilinichoma kuliko maneno yenyewe.

Mchana nilishona kwenye baraza ya Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa, mwanamke ambaye babu zake walitoka Pwani na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuonekane tunatafuna mawe. Ndipo Fidelisi aliponikuta. Alikuwa akileta maharage ya Kaisho sokoni kwa baiskeli, na kila siku ya soko shati lake lilikuwa na kifungo kilichokatika. Mama Zuhura alimtazama hivi, akamwambia, "Baba, hivyo vifungo unavikata kwa meno au kwa wembe?" Fidelisi akacheka mpaka akaona haya. Hakuwa msemaji. Alikaa kwenye kigogo pembeni ya cherehani, akanisimulia habari za ng'ombe wa baba yake, huyu ana pembe hivi, huyu anapiga teke, nami nikawajua wote kabla sijakanyaga kwao. Baba yake, Mzee Kagaruki, alikuwa ameshatuma salamu kwa baba yangu Nyabiyonza kwamba kahawa ikishavunwa watakuja kuposa. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Nilianza kukata shuka za kitanda ambacho sijakiona.

Kisha akaja Daktari Anatoli. Alikuwa kijana, amehamia hospitali ya misheni ambako dada alimpeleka Deusi, na tofauti na waliomtangulia, yeye aliuliza. Alimwuliza dada watoto waliokufa walikuwa wa kike au wa kiume. Akauliza kuhusu ndugu za mama yetu. Dada akamwambia wajomba zetu wawili walikufa wachanga, huko Rwanda, kabla wazee hawajavuka kuja huku. Daktari akagonga meza kwa kalamu, halafu akasema anahisi mtoto amezaliwa na upungufu, si ugonjwa wa kuambukizwa. Mwili wake hautengenezi protini moja, na bila hiyo hauwezi kujitengenezea kinga. Ni kitu kinachopita kwa akina mama. Mama hakimdhuru, kinawakuta wavulana, nao si wote. Dada alirudi nyumbani akaniambia huku anachambua mchele, hanitazami, "Kadia, kumbe ni mimi. Miaka yote nilifikiri ni nyumba ya Petro, kumbe ni mimi niliyewapa." Nikamwambia huwezi kumpa mtu kitu usichojua kuwa unacho. Akaendelea kuchambua. Jioni Petro aliporudi dada alimwambia yote, mimi niko jikoni nimeshika mwiko nangoja kusikia mlango ukipigwa. Petro akauliza tu, "Kuna dawa?" Dada akasema daktari anataka kwanza awe na hakika. Petro akasema, "Basi twende akawe na hakika. Leo kuna mboga gani?" Mpaka leo nikisikia mtu anawasema wanaume vibaya, namkumbuka Petro.

Hakika hiyo ilitoka ng'ambo. Mwalimu wa daktari alikuwa akifanya utafiti juu ya ugonjwa huo, akampelekea kichupa kidogo ndani ya chupa ya barafu, na ndani ya kichupa kulikuwa na maji ambayo hayajai hata kizibo cha soda. Daktari aliyaita kingamwili. Alitueleza kwa subira, kwa sababu Petro aliuliza maswali mengi. Mwili unatengeneza kingamwili za kila namna, na kila moja inamjua adui wake. Hii ilitengenezwa maabara kwa njia ya panya, ikafundishwa kuijua protini ile moja tu. Ukifungulia ndama kwenye zizi lenye ng'ombe wengi, alisema, ataenda moja kwa moja kwa mama yake, hao wengine hata hawaoni. Hii nayo ikimkuta mama yake inamshika, nasi tukiongeza dawa nyingine, pale iliposhika patakuwa na rangi ya kahawia. Pasipo na protini patabaki tupu. Si dawa ya kuponya, akasisitiza, ni ya kutafutia. Mama Zuhura niliposimulia alisema, "Yaani mnakwenda kupimwa na panya? Haya, msisahau paka."

Nami pia nilitakiwa. Daktari alisema mdogo wa Adelina anaweza kuwa amebeba kitu kile kile bila kujua, na kwa kuwa naolewa ingefaa nijue. Hakunilazimisha. Nilimwambia Fidelisi pale barazani, nikiogopa, na sikumficha kitu: nikiwa nimebeba, watoto wetu wa kiume wanaweza kuwa kama Deusi. Akafikiri. Akasema atanisindikiza. Tukaenda wote siku moja, dada, Petro na Deusi juu ya lori la ndizi, mimi nyuma ya baiskeli ya Fidelisi. Chumba cha maabara kilikuwa chembamba, kimepakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta, na kilinuka spiriti. Daktari alisema kila damu yenye mashaka lazima ipimwe pamoja na damu ya mtu mwenye afya asiyehusika, kwenye kioo kimoja cha darubini, kwa tone moja la ile kingamwili, ili ikishindwa ajue imeshindwa kwa sababu gani. Damu ya Deusi ikawekwa na ya baba yake, maana kitu hicho hakipiti kwa baba. Yangu ikakosa mwenzake, maana muuguzi aliyeahidi alikuwa zamu. Fidelisi akakunja mkono wa shati. "Mimi si ndugu yake," akasema. "Bado." Hata daktari alicheka.

Tuliambiwa tukale. Tulikaa nje ya jiko la hospitali, tukala ndizi na maharage kwenye sahani moja, Deusi katikati yetu akichagua maharage makubwa tu. Tulipoitwa tena, daktari alimwonyesha kwanza Petro damu yake kwenye darubini, kisha ya mtoto. Petro alitazama muda mrefu. "Ya kwangu ina madoa ya kahawia," akasema. "Ya kwake hakuna." Daktari akasema ndiyo, hakuna, protini haipo, sasa tunajua. Dada alianza kulia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa kweli, lakini kumbe si ule ugonjwa waliousema, na sasa ulikuwa na jina na daktari alijua pa kuanzia. Halafu ikaja zamu ya kioo chetu. Daktari alieleza kwamba ningekuwa nimebeba, baadhi ya chembe zangu zingekolea na nyingine zingekuwa tupu. Nikainama. Zilikolea zote, upande wangu na upande wa Fidelisi. Fidelisi alipotazama alisema, "Sijui wewe uko wapi na mimi niko wapi." Njia nzima ya kurudi alipiga mluzi, kwenye mlima hakutaka nishuke, akasukuma baiskeli nami nimekaa. Sijawahi kuwa na siku kama ile tena, na nasema hivyo nikiwa nimeishi miaka mingi na kula sikukuu nyingi.

Fidelisi alifika kwao akamwambia baba yake kila kitu, kwa furaha. Alimwambia kwamba damu yake na yangu ziliwekwa pamoja kwenye kioo kimoja, zikamwagiwa tone moja, na hata daktari hakuona tofauti. Alifikiri analeta habari njema, na ilikuwa habari njema. Lakini Mzee Kagaruki alikuwa mtu wa zamani. Ujana wake alifunga omukago, undugu wa damu, na rafiki yake mmoja, wamechanjana tumboni, kila mmoja akatafuna mbegu ya kahawa yenye damu ya mwenzake, na hadi anazeeka alimwita mtu yule ndugu na watoto wa pande mbili hawakuruhusiwa kutazamana.

Kahawa ilipovunwa alikuja kwetu Nyabiyonza, yeye na mshenga wake. Nilikuwa nimerudi nyumbani kupika. Nakumbuka tulifunika ndizi kwa majani mabichi, maharage yameungwa kwa samli, na rubisi, pombe ya ndizi, iliyokaa vizuri mpaka inavuta nyuki. Jiko letu lilishikana na sebule kwa ukuta wa udongo wenye ufa, na nyumba nzima ilijua kwamba ufa ule haukuzibwa kwa makusudi. Nikasikia salamu, habari za mvua, habari za ng'ombe. Kisha Mzee Kagaruki akasema, "Nimekuja na neno. Mwanangu ameniambia hospitali walichukua damu yake na damu ya binti yako, wakaziweka pamoja. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee mwenzangu," akasema baba.

"Na walikubali wenyewe. Hakuna aliyewashika mkono."

"Walikubali."

Nilichungulia. Mzee alichukua punje moja kutoka kikapu cha kahawa ya kutafuna, akaipasua kwa meno, akatoa zile mbegu mbili za ndani. Moja akaiweka mezani mbele ya baba, moja mbele yake. "Wewe na mimi tunajua hii ni nini," akasema. "Damu za watu wawili zikikutana kwa hiari, hao wamekuwa ndugu. Na ndugu hawaoani." Baba aliitazama ile mbegu. Kwao Rwanda desturi hiyo ipo, hakuhitaji kufafanuliwa. Nilingoja aseme kitu. Nilijua alivyokuwa bingwa wa maneno, mtu wa kuitwa hata kijiji cha pili kusuluhisha. Akasema, "Nimekusikia, mzee." Basi. Tukapakua chakula. Mzee Kagaruki alikula polepole, akaongezwa, akanywa rubisi, akauliza tena habari za mvua ambazo alishaziuliza. Alisimama kuaga, akakaa tena. Mshenga wake alikuwa akimtazama baba kama mtu anayengoja kupewa kiti. Kisha wakaenda zao, na jua bado liko juu.

Niliingia sebuleni mikono ina majivu, nikamwambia baba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, "Baba, mbona umenyamaza? Ilikuwa damu kwenye kioo. Daktari ameiosha kwa maji." Alikuwa bado ameketi, zile mbegu mbili ziko mezani. Akaniambia, "Keti, mwanangu. Yule mzee hana shida na kioo. Amesikia kwamba nyumba yetu ina ugonjwa unaopita kwa mabinti. Angeweza kulisema hilo mbele ya mshenga, na kesho lingekuwa sokoni. Badala yake amesema la omukago. Ametusitiri. Sisi ni watu wa kuja hapa, tulipewa shamba na watu kama yeye. Nikianza kubishana ataniambia lile la kweli, na wadogo zako hawataolewa." Nikamwambia mimi ni mzima, nimeona kwa macho yangu. Akasema, "Najua. Kila mwenye binti husema binti yake mzima. Yeye ametuheshimu, na sisi tumheshimu." Alilia baba yangu. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipowazika wajukuu wake. Basi nikanyamaza kwa sababu ya yale machozi.

Fidelisi alikuja barazani siku ya soko iliyofuata. Shati lilikuwa na vifungo vyote. Akakaa kwenye kigogo chake, Mama Zuhura akaingia ndani kwa heshima, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Baba yako amesema nini?" akaniuliza.

"Hajasema kitu."

"Hatasema?"

"Hatasema, Fideli."

Alikaa pale akizungusha kengele ya baiskeli kwa kidole bila kuipiga. Nilitaka aniambie tukimbie. Tungeweza kuvuka Murongo tukaingia Uganda kabla ya chakula cha mchana, watu walifanya hivyo kila mwaka na wazee wakanuna kisha wakaridhia. Nadhani naye alitaka niseme kitu. Nimeyarudia yale maneno machache mara nyingi tangu mazishi, nikitafuta mahali ambapo mmoja wetu angeweza kupenyeza neno. Tulikuwa watoto wema kupita kiasi, hilo ndilo lilituponza, na wema huo hakuna aliyetushukuru. Akasema anakwenda kupima maharage. Mwaka uliofuata alioa msichana wa Kaisho, mpole, ambaye sina neno baya juu yake, na mashati aliendelea kuleta kwangu.

Deusi alipata matibabu yake. Daktari aliomba kwa mwalimu wake sindano za kinga iliyochujwa kutoka kwenye damu za watu wengine, na zilipokosekana akamweka kwenye vidonge vya kila siku. Masikio yakakauka. Akaenda shule, akaimba kwaya, akaota ndevu chache alizozinyoa mara kwa mara ili ziongezeke. Daktari alihamishwa, sindano zikawa za shida, na kifua kikamchukua Deusi akiwa kijana. Dada anasema alipata miaka ambayo kaka zake hawakuipata. Ile kingamwili haikumkosea mtu. Iliulizwa swali moja na ikajibu kweli, kwa mtoto na kwangu. Sisi wenye midomo ndio tulioshindwa.

Maana haya niliyajua baadaye, Fidelisi akiwa na watoto watatu. Mzee Kagaruki alikuja Nkwenda na kitambaa cheupe, anataka kanzu ya Pasaka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamvutia kiti. Alikuwa amekonda. Akaniuliza, bila kunizungusha, kama baba yangu alikufa akiwa bado amemkasirikia.

"Hakukukasirikia, Mzee. Alisema ulituheshimu."

"Niliwaheshimu kwa lipi?"

Nikamweleza. Kwamba alisema la omukago ili asiseme la ugonjwa, nasi tukanyamaza ili tusimlazimishe kulisema.

Alinitazama kama nimesema kwa lugha ya kigeni. "Ugonjwa gani?" akasema. "Fidelisi aliniambia uko mzima, ameona mwenyewe. Mimi nilisema la damu kwa sababu ni la damu. Omukago uliofungwa bila kukusudia hufunguliwa, binti yangu. Mbuzi mmoja, rubisi, wazee wawili wanasema maneno, yamekwisha, watu wanaoana. Lakini aliyelitaja siye anayelifungua. Upande wa pili ndio unaoomba. Nilikaa kwa baba yako siku ile mpaka nikaona haya, nangoja aombe. Nikasema labda anataka kushauriana kwanza. Nikarudi nyumbani nikamchagua mbuzi, nikamfunga nyuma ya nyumba, ili mkija mkute kila kitu tayari."

Nilikuwa nimeshika futi. Nikamwuliza alimfunga mpaka lini.

"Mpaka Fidelisi aliposema amechoka kumkatia majani."

Nikamwomba asimame, nikampima mabega.